Protini ileile, kazi tofauti: jinsi saratani ya matiti inavyokua na kujificha

Karatasi ya majibu ya kinyama kilichotolewa kwenye titi huwa na herufi zinazowachanganya wengi: ER, PR, HER2, Ki-67, na siku hizi, katika hospitali chache, PD-L1. Zote ni protini: ER na PR ni vipokezi vya homoni, Ki-67 huonyesha kasi ya kugawanyika kwa seli, na HER2 na PD-L1 zitaelezwa hapa chini. Daktari wa patholojia ameangalia kwa hadubini kama protini hiyo ipo, na kama ipo ni kwa kiasi gani. Majibu hayo ndiyo yanayoamua mama apewe vidonge vya kuzuia homoni, dawa inayolenga HER2, au kemo peke yake. Lakini kuna swali ambalo karatasi ile hailijibu, nalo limewashughulisha watafiti wengi kwa zaidi ya miaka kumi sasa: protini hiyo iko katika hali gani?

Swali lina uzito kwa sababu protini haikamiliki pale inapotengenezwa. Binadamu ana jeni za protini zipatazo 20,000. Kila jeni hutoa mnyororo wa asidi amino, mnyororo unajikunja, na kwa jinsi wengi wetu tulivyofundishwa shuleni kazi inaishia hapo. Haiishii hapo. Vimeng'enya vya seli huanza kubandika vitu juu ya protini na kuvibandua: fosfeti (kikundi kidogo cha kemikali chenye fosforasi), vipande vya mafuta, asetili, minyororo ya sukari, hata protini nyingine ndogo. Askari wa usalama barabarani aliyevaa sare akinyoosha mkono, lori linasimama. Mtu huyohuyo akiwa na fulana ya nyumbani akanyoosha mkono uleule mahali palepale, lori linampita. Protini nayo ni hivyo. Jeni haijabadilika hata herufi moja, idadi ya protini ni ileile, lakini kilichobandikwa juu yake kinaamua kama itafanya kazi, itakwenda wapi, itashikana na nani, na itaishi muda gani.

Elimu hii si mpya. Edmond Fischer na Edwin Krebs, wakiwa Seattle katika miaka ya 1950, waligundua kwamba kimeng'enya kimoja cha misuli huwashwa kwa kubandikwa fosfeti na kuzimwa kwa kubanduliwa. Walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1992. Mwaka 2004 Aaron Ciechanover, Avram Hershko na Irwin Rose wakapata Nobel ya kemia kwa kueleza kazi ya ubikwitini, protini ndogo ya asidi amino 76 ambayo, ikifungwa kwenye protini nyingine kwa mnyororo, huipeleka kwenye mtambo wa seli unaoikatakata. Kilicho kipya ni kuona jinsi alama hizi zinavyounganisha mambo mawili ambayo madaktari waliyatibu kwa muda mrefu kama mambo mbalimbali: kukua kwa uvimbe, na uwezo wa uvimbe huo kuikwepa kinga ya mwili.

Tuanze na kukua, kwa kuwa ndiko kunakoeleweka zaidi. HER2 hukaa kwenye utando wa seli, kichwa kikiwa nje na mkia ukiwa ndani. Katika saratani za matiti zipatazo asilimia 15 hadi 20, jeni yake imejinakili mara nyingi na utando umejaa HER2. Zikisongamana hivyo zinaungana mbilimbili, na kila moja inabandika fosfeti kwenye mkia wa mwenzake. Fosfeti hizo ndizo zinazoita protini nyingine za ndani, ishara inapita hadi kwenye kiini, na seli inagawanyika hata pale ambapo haikupaswa. HER2 isiyo na fosfeti mkiani haiwezi kutuma ishara hiyo. Mwaka 1987 Dennis Slamon na wenzake walionyesha kwamba wanawake wenye nakala nyingi za jeni hii walikuwa na hali mbaya zaidi kuliko wengine. Mwaka 1998 trastuzumabu, ambayo wagonjwa wengi wanaijua kwa jina la Herceptin, ikaidhinishwa Marekani. Na mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani likaiingiza katika orodha ya dawa muhimu. Hiyo inashika HER2 kwa nje. Vidonge vya lapatinibu na tukatinibu huingia ndani ya seli na kuzuia fosfeti yenyewe isibandikwe.

Mfano wa pili wa ukuaji ni protini Rb, ambayo kazi yake ni kuizuia seli isianze kunakili vinasaba vyake. Vimeng'enya viwili, CDK4 na CDK6, vikiibandika fosfeti, Rb inaachia na seli inaingia kwenye mgawanyiko. Palbosiklibu, iliyoidhinishwa mwaka 2015 kwa saratani zenye vipokezi vya homoni, huzuia vimeng'enya hivyo viwili. CDK4 itarudi tena huko mbele, na safari hiyo haitakuwa rahisi kuielewa.

Sasa tuje kwenye kinga. Seli T za mwili zina uwezo wa kuitambua seli ya saratani na kuiua. Juu ya seli T hizo kuna protini PD-1, iliyogunduliwa Kyoto mwaka 1992 na kundi la Tasuku Honjo. Ikiguswa na mwenzake PD-L1, seli T hupungua nguvu na kuacha kushambulia. Kwa kawaida hilo ni jambo jema: ndilo linaloizuia kinga isiushambulie mwili wenyewe. Uvimbe hutumia njia hiyohiyo kwa kuijaza PD-L1 kwenye utando wake. Honjo na James Allison walishiriki Nobel ya tiba mwaka 2018 kwa kazi iliyozaa dawa za kuizuia ishara hii na nyingine inayofanana nayo.

Katika saratani ya matiti dawa hizo zinatumika hasa kwa aina ya hasi tatu, isiyo na ER, isiyo na PR, isiyo na wingi wa HER2. Ni aina inayokua haraka, na huwapata zaidi wanawake vijana, wenye kasoro ya jeni ya BRCA1, na wanawake weusi. Afrika Magharibi inaonekana zaidi kuliko Afrika Mashariki, lakini hata kwetu si ugonjwa wa nadra, na wengi hufika hospitali uvimbe ukiwa umeshakuwa mkubwa. Kwa mama wa namna hiyo vidonge vya kuzuia homoni havina cha kushika, na trastuzumabu pia haina cha kushika. Ndiyo maana PD-L1 inastahili kutazamwa kwa makini.

Itazame basi maabarani. Chukua seli za saratani ya matiti, zipasue, kisha uzipitishe protini zake kwenye jeli inayopitishwa umeme. Protini nyepesi hukimbia hadi chini, nzito hubaki juu. Kwa hesabu ya asidi amino zake 290, PD-L1 ilipaswa kuonekana kwenye uzito wa kilodaltoni (kipimo cha uzito wa protini) 33 hivi. Haionekani hapo. Inaonekana juu zaidi, karibu na 45 hadi 50, tena si mstari mwembamba bali doa pana. Ongeza kimeng'enya kiitwacho PNGase F, ambacho kazi yake ni kukata minyororo ya sukari kwenye protini, urudie jeli. Doa lile pana limetoweka, na mstari mmoja mwembamba umekaa palepale kwenye 33. Uzito wote ule wa ziada ulikuwa sukari.

Kundi la Mien-Chie Hung katika kituo cha MD Anderson, Houston, ndilo lililofuatilia jambo hili kwa kina, na matokeo yake ya mwaka 2016 yalibadilisha namna ya kuitazama PD-L1. Sukari hubandikwa sehemu nne za protini hii, na tatu kati ya hizo zina kazi ya kuikinga. PD-L1 isiyo na sukari hufuatwa na kimeng'enya GSK3β, kinachoibandika fosfeti. Fosfeti hiyo inavuta kundi jingine linaloifunga ubikwitini, na PD-L1 inaishia kukatwakatwa. Ikiwa na sukari, GSK3β haipati pa kushika, na protini inabaki juu ya utando kwa muda mrefu. Tazama jinsi alama moja isivyo na maana moja: fosfeti iliyoipa HER2 nguvu ya kutuma ishara ndiyo inayoiandikia PD-L1 hukumu ya kuondolewa. Kusema kwamba fosfeti ni mbaya au sukari ni mbaya hakuna maana mpaka useme iko kwenye protini gani na sehemu gani.

Na hapo ndipo ukuaji na kinga vinapokutana. Seli nyingi za hasi tatu zina wingi wa EGFR, ndugu wa HER2, ambaye naye huisukuma seli igawanyike. Kundi la Houston lilionyesha kwamba EGFR ikiwaka inaizima GSK3β, kwa hiyo PD-L1 haiondolewi. Mwaka 2018 likaongeza jingine: EGFR pia inaongeza kimeng'enya B3GNT3, kinachorefusha minyororo ya sukari kwenye PD-L1, na bila urefu huo PD-L1 haiwezi kuishika PD-1 vizuri. Kwa maneno mengine, ishara inayoiambia seli ikue ndiyo inayoiambia pia ijifiche. Uvimbe haukui kwanza kisha ukatafuta maficho baadaye. Unafanya yote mawili kwa amri moja. Kwangu hili ndilo jambo kubwa kuliko yote katika utafiti huu, kwa sababu linaonyesha kwa nini dawa ya kuzuia ukuaji inaweza kuifungua kinga bila mtu kuikusudia. Watafiti haohao walitengeneza kingamwili (protini inayoshika shabaha moja tu) inayoitambua PD-L1 yenye sukari peke yake, wakaifunga na sumu ya kuua seli, na katika panya iliangamiza uvimbe wa hasi tatu pamoja na seli za jirani ambazo hazikuwa na PD-L1 nyingi. Hiyo ni kwa panya.

Ingekuwa rahisi kama kila dawa ya ukuaji ingekuwa na matokeo ya upande huo. CDK4 inakataa. Mwaka huohuo wa 2018 kundi la Wenyi Wei huko Boston lilionyesha kwamba CDK4 hubandika fosfeti kwenye protini SPOP, na SPOP ni sehemu ya kundi linaloifunga PD-L1 ubikwitini. CDK4 ikizimwa, SPOP yenyewe inaharibiwa, na PD-L1 inaongezeka. Yaani dawa ya jamii ya palbosiklibu inasimamisha mgawanyiko wa seli huku ikiongeza kile kinachozinyamazisha seli T. Katika panya, kuunganisha dawa hiyo na ile ya kuzuia PD-1 kulipunguza uvimbe kuliko dawa yoyote kati ya hizo ikitumiwa peke yake. Kuna tafiti nyingine pia zinazoonyesha dawa za CDK4 na CDK6 zikiamsha kinga kwa njia tofauti kabisa. Mambo haya yanavutana ndani ya seli moja, na mtu asidanganywe na mchoro wowote wenye mishale inayoelekea upande mmoja tu.

Uvimbe wenyewe una majirani pia. Seli za kinga zinazomeza takataka, makrofeji, zikikaa ndani ya uvimbe hutoa TNF-alfa, kemikali ya uchochezi. Hiyo huongeza ndani ya seli za saratani protini CSN5, ambayo kazi yake ni kuibandua ubikwitini kwenye PD-L1 kabla haijafika kwenye mtambo wa kukata. Uchochezi wa muda mrefu unaozunguka uvimbe kwa hiyo unairefushia PD-L1 maisha. Katika utafiti ulioonyesha hayo, kemikali ya kurkumini, inayotoka kwenye manjano, iliizuia CSN5 kwa seli na panya. Naieleza habari hii kwa sababu najua itakavyosambazwa. Manjano ya kwenye mchuzi au ya kuchanganya na maziwa hayafikishi kiasi hicho kwenye uvimbe, kurkumini hufyonzwa kidogo sana tumboni, na hakuna mama anayepaswa kuacha dripu zake kwa ajili ya unga wa manjano.

Metformini, kidonge cha kisukari ambacho wengi wanacho nyumbani, ina hadithi ya kufundisha zaidi. Mwaka 2018 ilionyeshwa kwamba huamsha kimeng'enya AMPK, kinachobandika fosfeti kwenye PD-L1 kwa namna inayoharibu upangaji wa sukari zake, na protini inazuiwa ndani na kuharibiwa kabla ya kufika kwenye utando. Maelezo mazuri kabisa. Kisha mwaka 2022 yakatoka majibu ya jaribio kubwa la MA.32, lililowapa metformini au kidonge tupu wagonjwa 3,649 wa saratani ya matiti wasio na kisukari. Haikuzuia saratani kurudi kwa kiwango cha maana. Jaribio hilo halikuipima metformini pamoja na dawa za kinga, kwa hiyo halijaifunga kesi yote, lakini linaonyesha umbali uliopo kati ya alama moja kwenye protini moja na uhai wa mgonjwa.

Kwa sababu nimetaja sukari mara nyingi, lazima nilinyooshe jambo hili. Sukari zinazobandikwa kwenye PD-L1 si ile inayotiwa kwenye chai. Seli huzitengeneza yenyewe kutokana na chakula cha kila namna, na seli zenye afya zinazihitaji vilevile. Kumnyima mgonjwa ugali, ndizi na matunda ili "saratani ife njaa" hakuondoi sukari hata moja kwenye protini ya uvimbe. Kunamkondesha mtu anayehitaji nguvu ya kuhimili kemo.

Sukari hizi zinaonekana hata kwenye kipimo cha damu ambacho baadhi ya wagonjwa wanakijua, CA 15-3. Kipimo hicho kinapima protini MUC1, ambayo kwenye mirija ya maziwa yenye afya imevikwa minyororo mirefu yenye matawi. Katika saratani minyororo hiyo huwa mifupi, mara nyingi ikifungwa na asidi sialiki mwishoni. Kundi la King's College London lilionyesha mwaka 2016 kwamba MUC1 ya namna hiyo hushika Siglec-9, kipokezi kilicho kwenye makrofeji, na kuzigeuza makrofeji hizo zisaidie uvimbe. Kipimo chenyewe hutumika kufuatilia saratani iliyokwisha kujulikana, hasa iliyosambaa. Mtu mzima wa afya asikifanye akidhani kitamwambia kama ana saratani au hana.

Turudi kwenye karatasi ya majibu, maana hapa ndipo elimu ya maabara inapomgusa mgonjwa. Ili kuiona PD-L1, mtaalamu hupaka kipande chembamba cha kinyama kingamwili inayoishika, kisha rangi ya kahawia inajitokeza mahali iliposhika. Mwaka 2019 kundi la Hung lilijaribu kuvikata kwanza vipande vya wagonjwa sukari zake, kwa kimeng'enya kilekile cha jeli, ndipo vikapakwa. Rangi iliongezeka, na wapo wagonjwa waliokuwa wamesomwa kuwa na PD-L1 kidogo au hawana, ambao sasa ilionekana. Tena kipimo kilichofanywa hivyo kililingana vizuri zaidi na nani alinufaika na dawa. Sampuli zilikuwa za saratani mbalimbali, na njia hiyo si kipimo cha kawaida hospitalini, lakini maana yake ni nzito: minyororo inayoikinga PD-L1 isiharibiwe inaweza pia kuificha kwa macho ya daktari.

Na uamuzi unategemea rangi hiyo. Katika jaribio la KEYNOTE-355, lililohusu saratani ya hasi tatu iliyorudi au kusambaa, wanawake wenye alama ya PD-L1 (yaani hesabu ya seli zilizoshika rangi ikilinganishwa na seli za saratani) ya 10 au zaidi waliopewa pembrolizumabu, dawa ya kuzuia PD-1, pamoja na kemo waliishi kwa wastani wa kati wa miezi 23.0, dhidi ya 16.1 kwa waliopata kemo peke yake. Walio chini ya alama hiyo hawakuonyesha faida ya wazi. Kwa mama mwenye alama 8, tofauti hiyo ya mbili ina maana ya kupewa dawa au kunyimwa. Halafu lipo KEYNOTE-522, la wagonjwa ambao saratani yao ilikuwa bado haijasambaa: uvimbe ulitoweka kabisa kabla ya upasuaji kwa asilimia 64.8 ya waliopata dawa ya kinga pamoja na kemo, dhidi ya 51.2 ya kemo pekee, na faida ilikuwepo kwa wenye PD-L1 na wasio nayo. Ukiyaweka majaribio haya mawili pamoja, utaona jinsi kuhesabu PD-L1 peke yake kulivyo kipimo kisichotosha. Bei ya dawa hizi bado iko mbali na mikono ya wagonjwa wengi wa kwetu, na hilo linauma, hasa ukijua aina hii ya saratani inawapata wanawake weusi zaidi.

Kuna jambo moja lakini ambalo halingoji dawa mpya wala bei kushuka. Kinyama kikitolewa mwilini seli zake hazifi papo hapo. Vimeng'enya vya kubandua fosfeti vinaendelea na kazi, na ndani ya dakika chache baadhi ya alama zinaanza kupotea. ER na HER2 nazo huathirika kikikaa sana. Miongozo ya kimataifa inataka kinyama cha titi kiingie kwenye fomalini ndani ya saa 1, kikae humo si chini ya saa 6 na si zaidi ya 72, na fomalini iwe nyingi ya kukifunika chote. Kinyama kilichosubiri kwenye chupa kavu hadi ndugu akanunue fomalini, au kilichosafiri kwa basi usiku kucha kikiwa ndani ya maji ya chumvi, kinaweza kuleta jibu la "hasi" kwa protini iliyokuwepo. Kwa hiyo dada anayepelekwa kukatwa kinyama, au ndugu aliyemsindikiza, ana haki ya kuuliza mapema kama fomalini ipo tayari chumbani, na kuhakikisha saa ya kukatwa na saa ya kutiwa kwenye fomalini zimeandikwa zote mbili kwenye fomu.